Swali la umri lichapwe na njia yake, si jibu tupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo kuhusu kurasa za elimu za magazeti yetu, hasa zile zinazotoka wakati wanafunzi wa darasa la saba wanapojiandaa kwa mtihani wa taifa. Maswali ya Hisabati yanayochapwa humo ni mazuri, na mafumbo ya umri hayakosekani. Lakini majibu huchapwa kama herufi na namba tupu: swali la 1 ni C, la 2 ni A, la 3 ni 14. Mwanafunzi aliyekosa anajua kwamba amekosa, hajui amekosea wapi. Kwenye kugawanya au kutoa hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa akirudia kazi yake kosa ataliona. Kwenye swali la umri kosa huwa limefanyika wakati wa kusoma sentensi, kabla hesabu yenyewe haijaanza. Mtoto anaweza kurudia hesabu mara kumi, bila kukosea hata hatua moja, akapata jibu baya lile lile.

Tazama swali hili. Mama ana umri wa miaka 36 na mwanawe ana miaka 8. Baada ya miaka mingapi umri wa mama utakuwa mara tatu ya umri wa mwanawe? Wanafunzi wengi huandika:

36 = 3(8 + x)

Kisha 36 = 24 + 3x, halafu 12 = 3x, na x = 4. Jibu ni namba nzima, linapendeza. Akihakiki kwenye mlinganyo wake, 3 × 12 ni 36, basi anaridhika na kuendelea na swali jingine. Lakini baada ya miaka 4 mama naye atakuwa na miaka 40, na 40 si mara tatu ya 12. Mtoto kakuzwa, mama kaachwa palepale. Mlinganyo sahihi ni huu:

36 + x = 3(8 + x)

Ukifungua mabano, 36 + x = 24 + 3x, kwa hiyo 12 = 2x na x = 6. Baada ya miaka 6 mama atakuwa na 42, mtoto 14, na 3 × 14 = 42. Katika maswali ya kuchagua, yenye herufi A hadi E, tarajia kuikuta hiyo 4 ikisubiri kati ya majibu, kwa sababu mtunzi anayejua kazi yake anajua watoto wanakosea wapi. Ndiyo maana kuhakiki kusifanyike kwenye mlinganyo. Mlinganyo mbaya utalikubali jibu lake baya. Kuhakiki kufanyike kwenye maneno ya swali, kwa namba halisi za kila mtu, katika kila wakati uliotajwa.

Kinga ya kosa hili ni jedwali dogo linalochorwa kwenye karatasi ya rafu. Mistari yake ni watu, safuwima zake ni nyakati. Swali likiwa na sasa na baadaye, safuwima ni mbili. Likiwa na zamani, sasa na baadaye, ni tatu. Kila mtu anapewa chumba katika kila wakati, na hakuna chumba kinachoachwa wazi, hata kile ambacho swali halikukitaja. Swali la juu halikusema mama atakuwa na umri gani baadaye, na ndiyo maana husahaulika. Jedwali linamlazimisha mwanafunzi kukijaza chumba hicho, naye ataandika 36 + x kwa kuwa hana kingine cha kuandika.

Jaza kwanza safuwima ya sasa. Herufi x iwe umri wa mdogo kuliko wote, tena umri wake wa sasa, na iandikwe kwa sentensi kamili. Kwa mfano, katika swali la Salma na baba yake, ambalo nitalimalizia hapa chini: "Umri wa Salma sasa uwe miaka x." Anayeandika "x = Salma" ameshaanza kupotea, maana Salma si namba, na Salma ana umri zaidi ya mmoja ndani ya swali: ule wa sasa na ule wa miaka mitano iliyopita. Akifika katikati ya hesabu hajui tena x yake ni ipi. Kumchagua mdogo kunaepusha sehemu zisizo na lazima. Ikiwa baba ana umri mara nne ya Salma, Salma akiwa x baba ni 4x. Ukianza na baba kuwa x, Salma ni x/4 na umejiletea asili, yaani namba ya chini ya sehemu, ya kuhangaika nayo hadi mwisho.

Safuwima ya sasa ikishajaa, nenda kwenye nyakati nyingine ukijumlisha au kutoa namba ile ile kwa kila mstari, bila kumruka mtu. Sentensi ambayo bado hujaitumia ndiyo inayotoa mlinganyo. Hilo lisisitizwe darasani: kila sentensi ya swali ina kazi moja. Iliyotumika kujaza jedwali isitumike tena kuunda mlinganyo. Mwanafunzi aliyeandika baba ni 4x kwa sababu "umri wa baba ni mara nne ya umri wa Salma", kisha akaurudia uhusiano huo huo kwenye mlinganyo, atapata 4x = 4x, na hapo hata akikesha x haitoki.

Tuseme swali linaendelea: "Miaka mitano iliyopita baba alikuwa na umri mara saba ya umri wa Salma." Safuwima ya zamani ina 4x − 5 na x − 5. Mlinganyo ni 4x − 5 = 7(x − 5). Mabano hapa ni roho ya swali. Mtoto asiyeyaweka huandika 4x − 5 = 7x − 5, akapata x = 0, yaani Salma amezaliwa leo na baba yake naye amezaliwa leo. Akiyaweka na kuyafungua vizuri, 4x − 5 = 7x − 35, basi 30 = 3x na x = 10. Salma ana miaka 10, baba 40. Miaka mitano iliyopita walikuwa na 5 na 35, na 35 ni mara saba ya 5. Tena, kama swali limeuliza umri wa baba, jibu si 10. Mwanafunzi asome mstari wa mwisho wa swali mara ya pili baada ya kupata x, kwa kuwa x yenyewe nayo hupangwa kati ya majibu ya kuchagua.

Sasa nije kwenye kusoma sentensi, ambako ndiko alama nyingi zinakopotelea. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, maana kitenzi chenyewe kinataja safuwima. "Ana" ni sasa, "alikuwa" ni zamani, "atakuwa" ni baadaye. Linganisha sentensi hizi mbili:

Miaka mitano iliyopita Ali alikuwa na umri mara mbili ya umri wa Bakari.

Ali ana umri mara mbili ya umri aliokuwa nao Bakari miaka mitano iliyopita.

Mwanafunzi mwenye haraka huziona ni moja. Katika ya kwanza wote wawili wamerudishwa nyuma: a − 5 = 2(b − 5). Katika ya pili Ali yuko sasa, na neno "aliokuwa nao" linamrudisha Bakari peke yake: a = 2(b − 5). Bakari akiwa na miaka 12 leo, sentensi ya kwanza inampa Ali miaka 19, ya pili inampa 14. Zoezi zuri la dakika tano, lisilohitaji hesabu yoyote, ni kuwapa watoto sentensi kama hizi nane au kumi, wapigie mstari kila kitenzi, kisha waseme kila mtu yuko safuwima gani. Mwalimu anayefanya hivi kabla ya kugusa x ataokoa muda mwingi mbele ya safari.

Kuna pia kosa la kugeuza. "Umri wa Ali ni mara tatu ya umri wa Bakari" huandikwa 3a = b, kwa sababu jicho linafuata mpangilio wa maneno: Ali, tatu, Bakari. Kabla ya kuandika, mwanafunzi ajiulize nani mkubwa. Mkubwa ni Ali. Anayezidishwa ni mdogo, ili amfikie mkubwa, kwa hiyo a = 3b. Vivyo hivyo "Ali amemzidi Bakari miaka 3" ni a = b + 3; tatu hiyo inaongezwa upande wa mdogo. Nanyi watunzi wa maswali, iacheni sentensi ya "ana umri mara tatu zaidi ya". Wengine huisoma kuwa ni mara tatu, wengine mara tatu juu ya umri wenyewe, yaani mara nne. Mtoto asipoteze alama kwa sababu ya sentensi yenye maana mbili.

Maswali ya jumla yana mtego wake. Baraka amemzidi Asha miaka 3, na umri wa Chausiku ni mara mbili ya umri wa Asha. Baada ya miaka 4 jumla ya umri wao itakuwa 51. Asha ana umri gani sasa? Sasa ni x, x + 3 na 2x, jumla 4x + 3. Wengi huongeza 4 na kuandika 4x + 7 = 51, wakapata 11. Lakini watoto ni watatu na kila mmoja anaongeza miaka 4, hivyo jumla inaongezeka kwa 12: 4x + 15 = 51, x = 9. Asha ana 9, Baraka 12, Chausiku 18. Baada ya miaka 4 watakuwa 13, 16 na 22, jumla 51. Aliyetumia jedwali hakosi hapa, maana amejumlisha safuwima ya baadaye kama ilivyo.

Kwa uwiano nitasema kwa ufupi. Uwiano wa 3:5 haumaanishi mtu ana miaka 3 na mwingine 5. Andika 3k na 5k. Baada ya miaka 8 uwiano ukiwa 5:7, basi 7(3k + 8) = 5(5k + 8), yaani 21k + 56 = 25k + 40, na k = 4. Umri wao ni 12 na 20. Baadaye 20 na 28.

Kitu kimoja hakibadiliki katika maswali haya yote, nacho ni tofauti ya umri. Mama wa miaka 36 na mwana wa miaka 8 wametofautiana miaka 28, na watatofautiana hiyo hiyo maisha yao yote. Siku mama atakapokuwa na umri mara tatu ya mwanawe, tofauti hiyo ya 28 itakuwa mara mbili ya umri wa mtoto. Kwa hiyo mtoto atakuwa na 14, na kutoka 8 hadi 14 ni miaka 6. Hakuna x hapo, na jibu ni lile lile. Sishauri njia hii ichukue nafasi ya mlinganyo, kwa kuwa swali likipindishwa kidogo inagoma. Lakini kama njia ya kuhakiki haina mpinzani: mwanafunzi atoe umri wa mdogo kwenye umri wa mkubwa katika kila safuwima, na tofauti zikipishana ajue kuna mtu aliyesahauliwa.

Tofauti hiyo hiyo ndiyo inayofungua swali linalowatisha hata watu wazima. Hamisi ana miaka 24. Umri wake ni mara mbili ya umri aliokuwa nao Zuhura wakati Hamisi alipokuwa na umri alio nao Zuhura sasa. Zuhura ana miaka mingapi? Usijaribu kuimeza sentensi yote kwa mkupuo. Chora safuwima mbili, sasa na "wakati ule". Sasa Hamisi ni 24, Zuhura ni z. Wakati ule Hamisi alikuwa na z, swali limesema wazi. Chumba kilichobaki ni cha Zuhura wakati ule. Miaka iliyopita tangu wakati ule ni 24 − z, na miaka hiyo hiyo imempitia Zuhura pia, kwa hiyo alikuwa na z − (24 − z), yaani 2z − 24. Angalia alama ya kutoa mbele ya mabano: inageuza −z kuwa +z, na ndipo wengi wanapoanguka kwa kuandika z − 24 − z, inayobaki −24. Sentensi ambayo haijatumika inasema 24 = 2(2z − 24). Basi 24 = 4z − 48, 72 = 4z, z = 18. Wametofautiana miaka 6. Hamisi alipokuwa na 18 Zuhura alikuwa na 12, na 24 ni mara mbili ya 12.

Kuhusu "kuhamisha namba na kubadili alama", naomba walimu wenzangu wasiifundishe kama amri isiyo na sababu. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu ambacho jina la aljebra limetoka humo, alitaja kazi mbili: kurudisha kilichopunguzwa kwa kukiongeza pande zote, na kuondoa vinavyolingana pande zote. Katika 4x − 5 = 7x − 35, ongeza 35 pande zote: 4x + 30 = 7x. Ondoa 4x pande zote: 30 = 3x. Mtoto anayeandika hatua hizo mbili hakosei alama. Anayehamisha kwa kukariri huhamisha 35 bila kubadili alama, akapata −40 = 3x na umri wenye sehemu na alama ya kutoa.

Jibu hasi nalo si lazima liwe kosa. Baba ana 45, mtoto 17. Baada ya miaka mingapi baba atakuwa na umri mara tatu ya mtoto? 45 + x = 51 + 3x, x = −3. Maana yake jambo hilo limeshapita, miaka mitatu iliyopita, walipokuwa na 42 na 14. Lakini swali likiuliza umri wenyewe, hakuna umri wa hasi, na hapo mwanafunzi arudi kwenye jedwali lake.

Watunzi nao wana wajibu. Kadiri miaka inavyokwenda, idadi ya mara inapungua: mama huwa mara nne, kisha mara tatu, kisha mara mbili ya mwanawe, kamwe hairudi juu. Swali linalosema sasa ni mara tatu na baada ya miaka 10 itakuwa mara nne halina jibu la kweli; mlinganyo wake, 3x + 10 = 4(x + 10), unatoa −30. Kabla ya kulituma swali gazetini, mtunzi atoe umri wa mtoto kwenye umri wa mama aone mama alijifungua akiwa na umri gani. Ikitoka 9 au 11, namba zibadilishwe. Watoto wanaosoma wana akili, na hesabu isiyofanana na maisha huwafundisha kwamba jibu halihitaji kuwa na maana.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa shule zetu za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, kwa sababu mwaka unaofuata mwanafunzi ataikuta aljebra hiyo hiyo kidato cha kwanza kwa Kiingereza. Akiwa amejenga mazoea ya jedwali, atayahamisha kwenye lugha mpya. Akiwa amekariri majibu tu, ataanza upya kwa lugha asiyoizoea.

Najua nafasi gazetini ni ghali. Siombi ukurasa mzima. Jibu la swali la mama na mwanawe likichapwa na njia yake linachukua mistari mitano:

Baada ya miaka x: mama 36 + x, mtoto 8 + x.
Mama ni mara tatu: 36 + x = 3(8 + x).
36 + x = 24 + 3x; 12 = 2x; x = 6.
Hakiki: mama 42, mtoto 14; 3 × 14 = 42.
Kosa la kawaida: kumsahau mama, 36 = 3(8 + x), hutoa 4.

Mstari wa tano usikatwe hata nafasi ikibana. Ni afadhali maswali yapunguzwe kutoka ishirini hadi kumi na mawili, na yale ya umri yachapwe hivi, kila toleo, hadi wiki ya mtihani.

Wako,
Mwalimu wa Hisabati, shule ya msingi,
Tanga